Wameru, Gavana na Hukumu ya Mwaka 1994

Novemba 1951, askari wa serikali ya kikoloni waliingia Engare Nanyuki, upande wa kaskazini wa Mlima Meru. Walichoma nyumba, wakaswaga mifugo na kuwaondoa Wameru wapatao 3,000 ili walowezi wa Kizungu wapate eneo la kufugia. Waliofukuzwa walipangiwa King'ori, mashariki ya Maji ya Chai. Wengi walikataa, wakaenda kujibana kwa ndugu zao mlimani.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ardhi, na ndivyo kilivyo. Ila ukikitazama vizuri, ni kisa cha madaraka pia. Aliyependekeza mpango huo alikuwa jaji: Mark Wilson, mkuu wa tume ya ardhi ya Arusha na Moshi, iliyotoa ripoti yake mwaka 1947. Aliyeutekeleza ni Gavana Edward Twining. Baraza la Kutunga Sheria lilikuwapo tangu 1926, lakini wajumbe wake waliteuliwa na Gavana, na vikao viliongozwa na Gavana mwenyewe. Spika alikuja kupatikana 1953. Hata Mangi, mtawala wa jadi wa Wameru ambaye watu wangemkimbilia, aliwekwa chini ya serikali hiyo hiyo: alisimamia kodi, alitoa amri, na barazani kwake kesi zilihukumiwa. Basi Mmeru aliyechomewa nyumba angeshtaki wapi?

Alishtaki New York. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Uingereza ikiitawala kwa niaba yake, na mlango huo ndio pekee ambao Gavana hakuwa na ufunguo wake. Wameru walichanga fedha kupitia chama chao, Meru Citizens' Union, na Julai 1952 Kirilo Japhet, akiwa pamoja na wakili Earle Seaton, alilieleza Baraza la Udhamini yaliyowapata. Hiyo ilikuwa karibu miaka mitatu kabla ya Julius Nyerere kusimama mbele ya baraza hilo. Baadaye shauri lilifika Baraza Kuu, lakini azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili za kura. Wameru walisikilizwa, ila hawakurudishiwa ardhi yao.

Uhuru ulikuja 1961 bila tamko la haki za binadamu ndani ya Katiba. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja, na 1975 Katiba ikatamka kwamba chama kimeshika hatamu. Haki hizo ziliingizwa 1984, na kuanzia 1988 mwananchi aliweza kuzidai mahakamani.

Aliyeonyesha thamani ya badiliko hilo alikuwa mkulima wa Kambi ya Simba, Mbulumbulu, mkoani Arusha. Lohay Akonaay na mwanawe walipoteza shamba wakati wa Operesheni Vijiji, kampeni ya serikali ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja. Walifungua kesi Januari 1987, na mahakama ikawarudishia. Rufaa ya wapinzani wao ilipokuwa ikisubiri, Bunge likatunga Sheria Na. 22 ya 1992: haki za ardhi za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa zifutwe, kesi zilizoko mahakamani zikome, hukumu ambazo hazijatekelezwa zisitekelezwe, na migogoro ipelekwe kwenye baraza maalumu. Kwa lugha nyingine, Bunge lilinyang'anya mahakama kazi iliyokuwa mezani kwake.

Jaji Eusebia Munuo wa Mahakama Kuu, Arusha, aliitamka sheria hiyo kuwa inavunja Katiba. Serikali ilikata rufaa. Desemba 1994 Jaji Mkuu Francis Nyalali, pamoja na majaji Makame na Kisanga, walibatilisha vifungu vyake muhimu. Walisema kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24, haichukuliwi bila fidia ya haki. Na kwamba kazi ya kutoa hukumu Katiba imeikabidhi mahakama, Bunge haliwezi kuifungia mlango. Kwa wakulima, hoja ya pili ina uzito uleule wa ya kwanza, maana haki isiyo na pa kudaiwa hubaki maandishi tu.

Miaka mitano baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, iliipa hati ya kimila hadhi sawa na hati nyingine. Hukumu yenyewe ni Rufaa ya Madai Na. 31 ya 1994. Walimu wa uraia wa Meru na Arusha waifundishe pamoja na kisa cha Kirilo, maana mambo yote mawili yametokea nyumbani kwao.