Shujaa Asiye na Nchi: Mazingira ya Utengenezaji wa Jarida la African Film na Maana Yake kwa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, 1967–1985

1.0 Utangulizi

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wasomaji wa Afrika Mashariki walikutana na shujaa wa aina ambayo hawakuwa wameizoea. Aliitwa Lance Spearman, na wengi walimjua kwa lakabu ya The Spear, yaani Mkuki. Alivaa suti na kofia ya Panama, alifunga tai ya kipepeo, alikunywa wiski, aliendesha gari la kifahari la Kimarekani, na mwishoni mwa hadithi aliwashinda majambazi na madaktari wendawazimu waliotaka kuitawala dunia. Visa vyake vilisimuliwa kwa picha za kamera zilizopangwa ukurasani kama katuni, na maneno ya wahusika yakawekwa ndani ya viputo. Jarida lililombeba liliitwa African Film, nalo lilitolewa na kampuni ya Drum Publications. Kampuni hiyohiyo ilitoa pia jarida la Boom, ambamo shujaa wake, Fearless Fang, alikuwa mtu wa msituni mwenye nguvu zipitazo za binadamu wa kawaida.

Wahakiki wengi wamemtazama Spearman kama nakala nyeusi ya James Bond. Mtazamo huo una ukweli, lakini unaishia katika sura ya nje ya mhusika. Makala haya yanauliza swali la kihistoria: shujaa huyu alitengenezwa wapi, na nani, na katika masharti gani? Swali hilo lina uzito wa pekee likiulizwa kutoka Mbeya na Iringa. Katika miaka hiyohiyo ambapo Spearman alikuwa akisomwa, Nyanda za Juu Kusini zilikuwa njia kuu ya Tanzania kuelekea kusini mwa Afrika kunakopiganiwa ukombozi. Hoja ya msingi ya makala haya ni kwamba ukimya wa kisiasa uliomo ndani ya hadithi za Spearman ni alama ya mazingira magumu yaliyomzaa, na kwamba mazingira hayo ndiyo yanayoeleza kwa nini shujaa wa Kiswahili aliyemfuata alidumu katika riwaya kuliko katika jarida la picha.

2.0 Nyuma ya Pazia: Jarida la Afrika Huru Lililotengenezwa Kusini

Drum lilianzishwa Cape Town mwaka 1951 na baadaye likahamia Johannesburg. Mmiliki wake, Jim Bailey, alikuwa mtoto wa tajiri wa migodi Abe Bailey na rubani wa zamani wa jeshi la anga la Uingereza. Drum lilipata heshima kubwa kwa kuandika maisha ya Waafrika wa mijini, na likafungua matoleo katika Afrika Magharibi na Afrika Mashariki. African Film lilipita katika mtandao huohuo wa usambazaji. Nakala zilizouzwa Kenya, Uganda na Tanzania zilitoka kwenye ofisi ya Nairobi, na msomaji wa kawaida hakuwa na sababu ya kudhani kwamba hadithi zenyewe zilianzia mbali zaidi.

Utafiti wa mwanaanthropolojia Matthias Krings umeonyesha jinsi kazi ilivyogawanywa. Uhariri ulikuwa mikononi mwa watu wa Drum nchini Afrika Kusini. Miongoni mwa waandishi wa miswada walikuwamo wanafunzi wa chuo kikuu nchini Lesotho, na picha zilipigwa Swaziland. Aliyeigiza Spearman ni Jore Mkwanazi, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani na mpiga piano kabla ya kugunduliwa na mpiga picha Mzungu, Stanley Bunn. Kwa hiyo mtu aliyeonekana ukurasani akiingia hotelini kama bwana na kuheshimiwa na wakuu wa polisi, alitoka katika nchi ambamo sheria za ubaguzi zilimnyima hata haki ya kuchagua mahali pa kuishi.

Hapa ndipo ugumu wa utengenezaji unapoonekana. Jarida lililotegemea watu na ofisi za Afrika Kusini lilikuwa chini ya kivuli cha Sheria ya Machapisho na Burudani ya mwaka 1963, iliyoipa serikali ya Makaburu uwezo wa kupiga marufuku chapisho lolote. Upande wa pili, jarida hilohilo lilitaka soko katika nchi huru zilizokuwa zikiususia utawala huo. Hadithi iliyosema wazi juu ya ubaguzi isingepita Pretoria, na iliyousifu isingeuzika Dar es Salaam, Lagos wala Nairobi. Suluhisho lilikuwa kutosema. Spearman anaishi katika jiji lisilotajwa kuwa la nchi yoyote. Wakazi wake, polisi wake na wahalifu wake wote ni Waafrika. Hakuna mkoloni, hakuna chama, hakuna pasi za kutembelea. Uhalifu unatokana na tamaa au wazimu wa mtu mmoja, na hukoma mtu huyo anapokamatwa.

Ni rahisi kuuita ukimya huo usaliti. Makala haya hayafiki huko. Ulimwengu ambamo kila mwenye madaraka ni Mwafrika ulikuwa, kwa mtu aliyezoea kuona Waafrika kwenye filamu wakibeba mizigo ya Wazungu, picha yenye nguvu ya kisiasa hata kama neno siasa halikutajwa. Barua za wasomaji zilizochapishwa jaridani zinaonyesha mapenzi makubwa kwa shujaa huyo. Hata hivyo, picha hiyo ilinunuliwa kwa gharama: shujaa aliyeruhusiwa kuwa na kila kitu hakuruhusiwa kuwa na nchi.

3.0 Nyanda za Juu Kusini: Mpaka Unaosoma

Gharama hiyo huonekana vizuri zaidi ikipimwa na yaliyokuwa yakitokea Mbeya na Iringa. Baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wa Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilijikuta ikitegemea barabara ya kaskazini kwa mafuta na shaba yake. Malori yaliyobeba mapipa ya mafuta yalipita Iringa na Mbeya hadi Tunduma katika barabara ya vumbi na matope iliyoua madereva wengi. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika. Mwaka 1970 ujenzi wa reli ya TAZARA ulianza, na mwaka 1976 reli hiyo yenye urefu wa kilometa 1,860 ilikabidhiwa rasmi, ikipita Makambako na Mbeya. Wakati huohuo wapigania uhuru wa kusini walikuwa na kambi Kongwa, na mwaka 1969 chama cha ANC kilifanya mkutano wake mkuu wa ushauri Morogoro. Kwa wakazi wa ukanda huu, Afrika Kusini ilikuwa jina la adui ambaye vita dhidi yake vilipita katika barabara yao.

Iringa, aidha, ilikuwa na shujaa wake. Mtwa Mkwawa wa Wahehe aliwashinda Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, akaipoteza ngome ya Kalenga mwaka 1894, akaendelea kupigana msituni hadi alipojiua mwaka 1898 badala ya kukamatwa. Fuvu lake lilirejeshwa Kalenga mwaka 1954. Kumlinganisha Mkwawa na Spearman si kulinganisha historia na mchezo. Ni kulinganisha aina mbili za kumbukumbu. Mkwawa ana mahali, adui anayetajwa, na mwisho wenye kifo. Spearman hana hata kimoja kati ya hivyo. Mmoja anamwambia msikilizaji wake alikotoka. Mwingine anamwonyesha mahali ambapo angependa kufika bila kumwambia njia.

Serikali nayo ilikuwa na picha yake ya shujaa. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimtukuza mkulima na mfanyakazi. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku. Tai ya kipepeo na glasi ya wiski havikuwa na nafasi katika picha hiyo. Spearman hakuwa na nchi upande wa watengenezaji wake, na upande wa wasomaji wake alikuwa mgeni asiyeendana na maadili yaliyohimizwa. Bado alipendwa, na upendo huo ni ushahidi kwamba vijana walihitaji kitu ambacho hotuba hazikuwapa: mwendo, hila, na Mwafrika anayeshinda leo badala ya kesho.

4.0 Jibu la Kiswahili: Kutoka Picha Hadi Riwaya

Mtu aliyeielewa haja hiyo mapema alikuwa Faraji Katalambulla, ambaye riwaya yake Simu ya Kifo ilichapishwa mwaka 1965. Baada ya African Film kupata umaarufu, Katalambulla alianzisha Dar es Salaam jarida la hadithi za picha liitwalo Film Tanzania. Jina lenyewe linakiri lilikoazima umbo. Lakini lugha ilikuwa Kiswahili, na watu waliosimama mbele ya kamera walikuwa Watanzania. Kwa mara ya kwanza shujaa wa picha alizungumza lugha ambayo kijana wa Tukuyu, Mafinga au Njombe aliimudu bila kamusi, wakati ambapo Kiingereza cha Spearman kilimfaa zaidi aliyefika sekondari.

Kwa nini basi shujaa wa Kiswahili hakujijenga katika umbo hilo? Jibu limo katika vifaa. Hadithi ya picha huhitaji kamera, filamu, kemikali za kusafishia, waigizaji, magari, mahali pa kupigia picha, na karatasi inayopokea picha bila kuitia ukungu. Drum lilikuwa na mtaji wa migodi nyuma yake na soko la bara zima. Mchapishaji binafsi katika nchi ambayo njia kuu za uchumi zilikuwa zimetaifishwa, na ambayo iliagiza karatasi na filamu kwa fedha chache za kigeni, hakuwa na hata kimoja kati ya viwili hivyo. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, kilichokusudiwa kutumia misonobari ya shamba la Sao Hill, kilianza uzalishaji mwaka 1985. Mkoa wa Iringa ulikuwa na miti ya kutosha kuchapishia mashujaa wengi; karatasi yake ilifika wakati kizazi cha kwanza cha majarida hayo kilikuwa kimekwisha kupita.

Riwaya ilihitaji vichache zaidi: mwandishi, mashine ya chapa na karatasi ya kawaida. Mwaka 1974 Elvis Musiba alichapisha Kufa na Kupona, riwaya ya mpelelezi Willy Gamba. Gamba ana mengi ya Spearman: nguo nzuri, wanawake warembo, bastola na ujasiri usiochoka. Tofauti iko katika kisa. Gamba anatumwa kuzitafuta nyaraka za wapigania uhuru zilizoibwa, katika ulimwengu ambamo Dar es Salaam ni makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU na adui anatajwa kwa jina lake. Kile ambacho Drum lilishindwa kukisema kwa sababu ya mahali lilipotengenezwa, Musiba alikisema kwa sababu ya mahali alipokuwa.

5.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba historia ya African Film haiwezi kusomwa kutokana na kurasa zake pekee. Jiji lisilo na jina, uhalifu usio na chanzo cha kijamii, na shujaa asiye na nchi vilitokana na jarida lililolazimika kuishi chini ya sheria za Makaburu na kuuzwa kwa maadui wa Makaburu. Kwa Nyanda za Juu Kusini matokeo yake yalikuwa kinaya: eneo lililokuwa likibeba mafuta, reli na wapiganaji kuelekea kusini lilikuwa ndani ya soko la shujaa kutoka kusini ambaye hakuruhusiwa kuitaja vita hiyo.

Hata hivyo, si sahihi kuhitimisha kwamba wasomaji walidanganywa. Walichukua kwa Spearman umbo la Mwafrika asiyeomba ruhusa, na waandishi waliokuja baadaye wakalijaza umbo hilo maudhui ambayo watengenezaji wake wasingethubutu kuyaweka. Wajibu wa mtafiti wa fasihi pendwa ni kuuliza, kabla ya kumhukumu shujaa kwa alichokinyamazia, ni nani aliyekuwa ameshika kamera, na ni nani aliyekuwa amemshika mshika kamera.