Kunyamaza si kutulia

Hebu fikiria mtoto wa miaka miwili amelazwa. Siku ya kwanza analia anamtaka mama. Siku ya nne kanyamaza, anakula anachopewa. Je, ametulia?

Uingereza ya miaka ya 1940, madaktari na manesi wengi wangekujibu: ndiyo, kashazoea. Hospitali nyingi ziliwaruhusu wazazi kuja mara moja tu kwa wiki, maana eti mama akionekana, mtoto anaanza kulia upya.

Aliyelitilia shaka jibu hilo hakuwa daktari. James Robertson, Mskoti, wakati wa vita alikuwa fundi wa kila kazi katika vituo vya watoto vya Anna Freud, Hampstead, London. Pale kulikuwa na sharti: kila mfanyakazi, hata fundi, aandike anachokiona kwa watoto. (Kwangu mimi, sharti hilo ndilo lililozaa yote yaliyofuata.) Mwaka 1948 akajiunga na John Bowlby kwenye kliniki ya Tavistock, akaanza kukaa wodini na kutazama. Kile walichokiita kuzoea, yeye aliona ni hatua: mtoto anapinga, anakata tamaa, kisha anajitenga hata na mama mwenyewe.

Maneno hayakutosha, akashika kamera. Filamu yake ya 1952 inamfuata Laura, miaka miwili na miezi mitano, siku 8 hospitalini kwa upasuaji wa ngiri ya kitovu. Alirekodi kwa saa zilizopangwa, asije mtu akasema kachagua vilio tu. Kumbe Laura wala halii sana! Anajikaza, uso unajikunja, anamkumbatia dubu wake wa kuchezea. Siku ya kurudi nyumbani anakataa kushika mkono wa mama yake.

Madaktari waliooneshwa filamu hiyo London walikasirika, wakasema wamechafuliwa jina. Lakini angalia vizuri: umri ule mtoto bado hawezi kujituliza peke yake, anautegemea utulivu wa mtu mzima anayemjua. Ukimwondoa huyo, anachojifunza ni kuficha.

Mwaka 1959 kamati ya Sir Harry Platt ilipendekeza wazazi waruhusiwe wakati wowote, na mama wa watoto wadogo walale nao. Hospitali zikasuasua. Mwaka 1961 Robertson akaenda kwenye televisheni, akawaambia wazazi wadai wenyewe. Wakaunda chama, wakaanza kubisha hodi hospitali moja baada ya nyingine.