Kadhi, Askofu na Zaburi

Edward Steere, askofu wa baadaye, alifika Unguja mwaka 1864 akiwa na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Sultani Majid aliwakabidhi watoto watano waliookolewa katika jahazi la watumwa, nao wakawa wanafunzi wa kwanza. Lakini Steere mwenyewe naye alihitaji mwalimu. Kuhubiri mjini Unguja kulimaanisha kusimama mbele ya watu walioikariri Kurani tangu chuoni, waliokwisha kusikia habari za Torati, Zaburi na Injili, na wenye hoja zao tayari juu ya Utatu na juu ya Isa bin Maryamu.

Akawaendea wajuzi. Miongoni mwao alikuwamo Sheikh Abdul Aziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, kadhi na mtetezi hodari wa Uislamu. Sheikh huyo alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho safi, na Steere akautaja wema huo katika dibaji ya kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870. Mimi nauona ukurasa huo kuwa wa thamani kuliko mahubiri mengi ya zama zile. Katika dini wawili hawa hawakukubaliana, wala hakuna aliyejifanya kukubali, lakini mmoja alikaa akamtafutia mwenzake maneno.

Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa mahali hapo jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini. Hata hivyo, mzigo wa kuitetea imani haukubebwa na jengo. Ulibebwa na vijana wa Kiungani, chuo kilichokuwa kusini mwa mji. Wengi wao walikuwa Wayao, Wamakua na Wanyasa waliookolewa utumwani. Walipohitimu walipelekwa Magila, Masasi na bara ya Ruvuma kuwa walimu, na wengine mapadri. Cecil Majaliwa, Myao aliyepata kuwa mtumwa, alipewa upadri mwaka 1890, akahudumu Chitangali. Huko njia za misafara zilikuwa zimekwisha kuleta Uislamu pia. Mwalimu aliyeulizwa barazani Mungu anakuwaje na mwana hakuwa na askofu wa kumkimbilia. Alijibu papo hapo, kwa Kiswahili, mbele ya jirani ambaye kesho angekutana naye tena kisimani.

Padri Godfrey Dale wa UMCA, aliyeingia Unguja mwaka 1889, aliuelewa upweke huo. Alijifunza Kiarabu, na mwaka 1923 tafsiri yake ya Kurani nzima kwa Kiswahili ikachapwa London na shirika la SPCK. Ilikusudiwa zaidi walimu na mapadri Waafrika: wasibishane na kitabu wasichokisoma. Kusudi hilo lilikuwa la haki, na hadi leo naliheshimu. Kasoro yake ni kwamba aliambatanisha maelezo ya kushindana, na Waislamu wengi waliona kitabu chao kimetiwa mkononi mwa mpinzani. Kumsomea mtu kitabu chake huku ukimkosoa pembeni si sawa na kumsikiliza, na hapo Dale alipungukiwa na kile ambacho al-Amawi alimpa Steere bure.

Majibu yalikuja kwa wino. Mwaka 1953 Waislamu wa jumuiya ya Ahmadiya walitoa tafsiri yao Nairobi, yenye maelezo marefu ya kuwajibu Wakristo. Masheikh wa Kisunni hawakuridhika nayo, na mwaka 1969 ikatoka kamili tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja, ambaye wakati huo alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Hivyo ndani ya miaka 46 Kiswahili kilipata Kurani tatu, na ya kwanza kati ya hizo ilitoka mkononi mwa padri aliyetaka walimu wake wa Kikristo wajue jirani zao wanasoma nini.