Bi Alice na Kampuni ya Jua: Miaka ya Mwanzo ya Studio ya Solax



Tukizungumza historia ya wanawake wafanyabiashara huwa tunaanza na mama yetu Bi Khadija (r.a.), na ni haki yake. Leo tunakwenda mbali, kwa mwanamke asiye wa dini yetu wala wa pwani yetu, lakini khabari yake inamgusa kila mwanamke aliyeweka mali yake na jina lake kwenye kazi. Anaitwa Alice Guy. Mwaka 1910, wakati Hollywood bado haina hata studio moja, na wanawake wengi wa Marekani hawajapata haki ya kupiga kura, yeye alifungua kampuni yake ya kutengeneza sinema huko New York. Akaiita Solax, na alama yake ikawa jua.

Hakutoka kusikojulikana. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1873, karibu na Paris. Baba yake alikuwa muuza vitabu huko Chile. Baba alipofariki na mali kwisha, binti akajifunza hatimkato na kupiga taipu ili apate kazi. Mwaka 1894 akaajiriwa kuwa karani katika kampuni ya vifaa vya picha, na bosi wake akawa Léon Gaumont. Mwaka uliofuata ndugu wawili wa Lumière walionesha picha zinazotembea, na Alice alikuwepo. Wanaume wa pale walishangaa mashine. Yeye aliwaza hadithi. Akamwendea bosi akamuomba ruhusa ya kutengeneza vichekesho vidogo kwa kamera yao, na bosi akakubali kwa sharti moja tu, kazi ya ukarani isilale. Hapo ndipo ilipotoka filamu yake ya kwanza mwaka 1896. Basi kwa miaka kama 10 akawa ndiye msimamizi wa filamu zote za Gaumont. Mwaka 1906 alitengeneza filamu kubwa ya maisha ya Yesu kwa mujibu wa dini yake, yenye maonesho 25 na mamia ya watu. Sisi tuna itikadi yetu juu ya Nabii Isa (a.s.) na juu ya kuigiza mitume, hilo linajulikana, lakini kuwapanga watu mamia mbele ya kamera zama zile halikuwa jambo dogo.

Mwaka 1907 aliolewa na Herbert Blaché, mfanyakazi mwenzake, wakahamia Marekani kwa kazi za Gaumont. Mwaka 1908 wakapata mtoto wa kike. Pale Flushing, New York, Gaumont alikuwa na studio ambayo siku nyingi ilikaa bure. Mwenye jicho la biashara akiona cherehani imefunikwa kitambaa wiki nzima hawezi kulala. Alice akaona kwamba nafasi ile inaweza kukodiwa na kufanyiwa kazi. Septemba 1910 Solax ikaundwa kwa ubia wa watu watatu, yeye, mumewe na bwana mmoja aitwaye George Magie. Herbert bado alikuwa na mkataba na Gaumont, kwa hiyo rais wa kampuni akawa mke.

Ili tuelewe uzito wake, lazima tujue soko lilivyokuwa. Tangu mwisho wa mwaka 1908, Thomas Edison na makampuni makubwa walikuwa wameunda muungano wa haki za uvumbuzi. Anayetaka kupiga picha, kukodisha au kuonesha, apite kwao na alipe. Hata Eastman, mtengenezaji mkubwa wa mikanda mitupu, aliwekeana nao mkataba wa kuwauzia wao tu, na mkataba huo haukulegezwa mpaka 1911. Waliobaki nje wakaitwa watengenezaji wa kujitegemea, na kujitegemea maana yake ilikuwa kushitakiwa mahakamani na kutafuta wasambazaji wako mwenyewe. Solax ilikuwa upande huo. Muungano ule ulikuja kuvunjwa na mahakama, lakini hukumu ilitoka 1915, na kwa wengi ilikuwa imechelewa.

Filamu zilikuwa fupi. Mkanda mmoja ulikuwa na urefu wa futi kama 1,000, dakika 10 hadi 15 hivi, na uliuzwa kwa futi kama sisi tunavyonunua kitambaa kwa yadi. Mtazamaji alilipa senti 5 mlangoni. Kumbi zilibadilisha picha mara kwa mara, nyingine kila siku, kwa hiyo msambazaji hakutaka kusikia udhuru. Wiki hii ukimpa filamu na wiki ijayo ukakosa, nafasi yako anapewa mwengine. Filamu ya kwanza ya Solax, A Child's Sacrifice, ilitoka tarehe 21 Oktoba 1910. Baada ya hapo zikatoka kila wiki, kwanza moja, halafu mbili, na kadiri kampuni ilivyokua zikazidi. Ni kama fundi aliyepokea oda za sare za skuli, hana siku ya kusema leo sina hamu.

Na fedha ilikuja. Mwaka 1912 waliacha kukodi, wakajenga studio yao Fort Lee, jimbo la New Jersey, ng'ambo ya mto Hudson. Daraja halikuwepo, watu walivuka kwa feri kutoka Manhattan. Sisi watu wa visiwa tunajua maana ya kufika kazini kwa chombo cha majini. Jengo liligharimu dola zaidi ya 100,000. Lilikuwa na paa la vioo kwa ajili ya mwanga wa jua, maabara ya kusafishia mikanda, karakana ya maseremala na vyumba vya kuvalia. Mwaka huo huo alijifungua mtoto wa pili, wa kiume. Tusimame hapo kidogo, shoga zangu. Ujenzi, mimba, mtoto wa miaka 4, na filamu mpya kila wiki.

Ndani ya studio alibandika kibao kikubwa chenye maneno mawili, kuwaambia waigizaji wawe kama walivyo, wasijitie. Zama zile waigizaji walizoea kutupa mikono na kukodoa macho kama wako jukwaani, kwa kuwa sinema haikuwa na sauti. Ukiangalia filamu zake zilizobaki utaona tofauti. Sisi tunaipenda zaidi Falling Leaves ya 1912. Msichana mdogo anamsikia daktari akisema dada yake mwenye kifua kikuu hatafika mbali, majani ya mwisho yakianguka na yeye atakuwa amekwenda. Usiku mtoto anatoka bustanini na uzi, anayafunga majani kwenye matawi yasianguke. Bwana mmoja anapita njiani, anamuuliza unafanya nini, kumbe ni daktari mwenye dawa. Ukishawahi kumuuguza mtu wako nyumbani hiyo filamu huimalizi na macho makavu.

A House Divided ya 1913 ni ya kucheka. Mume na mke wanashukiana, wanakwenda kwa wakili, wakili anawaandikia mkataba wa kuishi nyumba moja bila kusemeshana. Wanaishi kwa kupelekeana vikaratasi. Nani hajaona nyumba kama hiyo, tofauti tu siku hizi vikaratasi vimehamia kwenye simu.

Iko pia A Fool and His Money ya 1912, ambayo waigizaji wake wote ni Wamarekani weusi, na ni katika za mwanzo kabisa za namna hiyo. Inaelezwa kwamba waigizaji wake weupe walikataa kucheza pamoja na weusi, naye badala ya kuiacha hadithi akaicheza na weusi peke yao. Hatuisifu yote. Vichekesho vyake vina dharau ya wakati ule, na mtu mweusi akiitazama leo atakunja uso. Lakini walioogopa kuwapa watu weusi hata nafasi hiyo walikuwa wengi.

Sasa tuje kwenye mahali panapotuuma. Katika kumbukumbu alizoandika uzeeni, Alice anasimulia kwamba mumewe alimshauri asihudhurie vikao vya wafanyabiashara wa filamu. Sababu? Wanaume wale walitaka kuvuta biri zao na kutema mate kwa raha, na mwanamke akiwepo watajiona wamebanwa. Kwa hiyo mwenye kampuni alibaki studio anafanya kazi, na mambo ya soko la kazi yake yakazungumzwa asipokuwepo. Mwaka 1913 mkataba wa Herbert na Gaumont ulipokwisha, Alice akampa urais wa Solax ili yeye apate muda wa kutunga na kuongoza filamu. Baada ya miezi michache tu Herbert akajiuzulu, akaanzisha kampuni yenye jina lake mwenyewe, Blaché Features, akitumia studio ile ile na waigizaji wale wale. Jina la Solax likaanza kufifia.

Hatumtukani mume wa mtu. Soko nalo lilibadilika. Watazamaji walitaka filamu ndefu, na filamu ndefu inakula mtaji. Dick Whittington and His Cat ya 1913, yenye mikanda mitatu tu, inatajwa kugharimu dola 35,000. Lakini tunasema tunavyoona. Kwetu sisi sheria ya dini imempa mke mali yake, mume haigusi ila kwa ridhaa, na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya kuandikiana madeni. Hata hivyo ni wangapi kati yetu biashara ni yetu, leseni ina jina la mume, na akaunti ina jina la shemeji? Tunaona haya kudai karatasi kwa mtu tunayelala naye nyumba moja.

Yaliyofuata yalikuja kwa haraka. Sinema ikahamia California kwenye jua la mwaka mzima. Ikaja vita, yakaja maradhi ya homa ya 1918, na Alice mwenyewe aliugua. Herbert aliondoka kwenda California mwaka huo. Mwaka 1919 moto ukaunguza sehemu ya studio, kisha mali iliyobaki ikauzwa kwa mnada. Mwaka 1922 mama akarudi Ufaransa na watoto wake wawili, na hakuongoza filamu tena.

Mwaka 1927 alirudi Marekani kutafuta filamu zake ili apate kuwaonesha watu kazi aliyoifanya. Hakupata kitu. Mikanda ya zama zile ilikuwa ya kemikali inayooza na kushika moto upesi, na baada ya kuoneshwa hakuna aliyeithamini. Katika mamia ya filamu za Solax zimebaki chache tu. Vitabu vya historia navyo vikawapa wanaume baadhi ya kazi zake, akawa mama mtu mzima anaandika barua kusahihisha. Serikali ya Ufaransa ilimpa nishani uzeeni. Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka 1976, yeye hayupo tena.

Alifariki tarehe 24 Machi 1968 huko New Jersey, alikokwenda kuishi na binti yake, akiwa na miaka 94. Jiwe lake la kaburini lilikuwa na jina na tarehe tu. Mwaka 2012 watu wa Fort Lee wakamuwekea jingine linaloeleza kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza filamu na wa kwanza kumiliki studio, na wakalichonga lile jua la Solax.