Mali bila Daftari: Filamu Kubwa Huhesabiwaje London, Paris, Bombay na Rubona

Kila Jumatatu, kuanzia Mei hadi mwisho wa Agosti, wafanyabiashara wa filamu nchini Uingereza hulisubiri jedwali moja. Linaonyesha kila filamu kubwa ya kiangazi imekusanya pauni ngapi kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, imeonyeshwa kwenye kumbi ngapi, na imeshuka kwa asilimia ngapi ikilinganishwa na wikendi iliyotangulia. Huku Rubona, bandari ya wavuvi kusini ya mji wa Gisenyi nchini Rwanda, kwenye Ziwa Kivu, filamu hizo hizo hufika, hushangiliwa na kurudiwa miaka nenda miaka rudi, wala hakuna anayeandika chochote.

Jibu la haraka ni kwamba wenzetu wana kompyuta na utaratibu, sisi hatuna. Silikubali. Mvuvi wa Rubona anajua alfajiri hii ametoa beseni ngapi za samaki aitwaye sambaza, na mchuuzi anayempokea anajua vilevile, kwa kuwa kuna fedha ya kugawana. Hesabu ya filamu nayo huzaliwa pale penye mgao. Anayedai fungu lake ndiye anayefungua daftari, na kila jamii huhesabu kile ambacho mdai wake anataka kukiona.

Tuanze na pauni. Chukua tiketi ya pauni 10. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 hutolewa kwanza, yaani pauni 1 na peni 67 hivi. Zinazobaki, pauni 8 na peni 33, hugawanywa kati ya mwenye ukumbi na msambazaji, na fungu la kila mmoja hutegemea makubaliano yao na nguvu ya filamu yenyewe. Msambazaji aliyeko London hawezi kusimama mlangoni Leeds, Cardiff na Belfast kwa siku moja, kwa hiyo anahitaji taarifa anayoweza kuiamini. Ndipo zinapoingia kampuni kama Comscore, zinazokusanya mauzo ya kumbi, na taasisi ya filamu ya taifa, BFI, inayotangaza kila wiki filamu 15 zinazoongoza. Uingereza na Ireland huhesabiwa kama soko moja, ingawa Dublin hulipa kwa yuro, kwa sababu haki za usambazaji huuzwa pamoja. Hata mpaka wa nchi, ukifika kwenye jedwali hilo, hufuata mgao.

Utaratibu huo umeifanya wikendi ya kwanza kuwa hukumu. Julai 2023, Barbie na Oppenheimer ziliingia kumbini siku moja, tarehe 21, na baada ya siku tatu tu Barbie ilikuwa imekusanya zaidi ya pauni milioni 18. Lakini hukumu ya siku tatu hukosea. Julai 2008, Mamma Mia! ilitangulia, na wiki mbili baadaye The Dark Knight ikafungua kwa mapato makubwa zaidi. Aliyefunga daftari Jumatatu ile angeipa The Dark Knight ushindi. Wiki zikapita, akina mama wakarudi na dada zao, kisha na mabinti zao, na Mamma Mia! ikamaliza na karibu pauni milioni 69, ikiiacha The Dark Knight mbali sana.

Hata neno kiangazi lina historia yake. Jaws, filamu iliyowafundisha Wamarekani kuuza filamu kubwa msimu wa joto wa 1975, haikufika kwenye kumbi za Uingereza mpaka siku iliyofuata Krismasi ya mwaka huo. Star Wars nayo ilitoka Marekani Mei 1977, Waingereza wakaipata mwishoni mwa Desemba. Siku hizi filamu hutoka karibu siku moja duniani kote, na sababu mojawapo ni hofu ya nakala za wizi. Isitoshe, kiangazi cha Uingereza kina adui wake: jua likiwaka kweli, watu hukimbilia ufukweni na bustanini, na kumbi hubaki na viti vitupu. Mvua ya Julai ndiyo rafiki wa sinema.

Pauni ina udhaifu mmoja mkubwa: hupanda bei. Mwaka 1946 Waingereza walikata tiketi zaidi ya bilioni 1.6, mwaka 1984 hazikuzidi milioni 54 hivi, mwaka 2019 zilikuwa milioni 176. Ukitazama pauni peke yake, rekodi zinavunjwa kila baada ya miaka michache na utadhani sinema haijawahi kustawi namna hii. Mwaka 2004 BFI walijaribu kurekebisha picha hiyo kwa kukadiria idadi ya watazamaji. Juu kabisa ikakaa Gone with the Wind, yenye watazamaji wapatao milioni 35, ikifuatwa na The Sound of Music. Filamu za kizazi hiki zikajikuta mkiani mwa bibi zao.

Wafaransa hawakuhitaji marekebisho hayo, kwa kuwa wao huhesabu vichwa. Filamu mpya huanza Jumatano, na siku hiyo hiyo watu wa biashara huulizana ni watu wangapi wameingia maonyesho ya kwanza ya Paris. Kwa kipimo hicho, La Grande Vadrouille ya 1966, iliyotazamwa na zaidi ya watu milioni 17, inaweza kusimama bega kwa bega na Bienvenue chez les Ch'tis ya 2008, iliyovuka milioni 20, bila mtu kuuliza tiketi ilikuwa faranga ngapi au yuro ngapi. Je, Wafaransa wana mapenzi zaidi na sanaa? Pengine, lakini tazama mdai ni nani. Kila tiketi hukatwa asilimia 10.72 kwenda kituo cha taifa cha sinema, CNC, kilichoanzishwa 1946, na fedha hiyo hurudi kuwasaidia watayarishaji wa Kifaransa kulingana na jinsi filamu zao zilivyotazamwa. Hata anayekwenda kumtazama Barbie anachangia filamu ya Kifaransa itakayotengenezwa mwakani. Serikali ndiyo mdai, na inachotaka kujua ni wananchi wangapi wameingia mlangoni.

India ilichagua kipimo cha tatu: majuma. Wiki 25 katika ukumbi mmoja ni jubilei ya fedha, wiki 50 ni ya dhahabu. Sholay ya 1975 ilikaa zaidi ya miaka mitano katika ukumbi wa Minerva, Bombay, na Dilwale Dulhania Le Jayenge ya 1995 ilipitisha wiki 1,000 katika Maratha Mandir. Hapa pia kuna mgao nyuma ya pazia. Kodi ya burudani ilikuwa nzito katika majimbo mengi, kwa hiyo mapato halisi yalikuwa na kila sababu ya kufichwa. Majuma hayafichiki, kwani jina la filamu liko kwenye bango nje ya ukumbi na mpita njia yeyote anaweza kuhesabu. Pwani yetu iliupokea mtindo huo. Unguja ya kumbi za Majestic, Empire na Cine Afrique, iliyoimba nyimbo za Raj Kapoor tangu Awara ya 1951, ilipima ukubwa wa filamu kwa foleni ya Jumapili na kwa bei ambayo walanguzi waliuzia tiketi mlangoni.

Sasa Rubona. Mchana sauti inayotawala ni ya kiwanda cha bia cha Bralirwa na malori yake. Jioni mitumbwi mitatu mitatu, iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, huondoka ikisindikizwa na nyimbo za wapiga makasia kwenda kutega sambaza kwa taa. Samaki huyo aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, naye hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu na mavuno hupungua. Aidha, kila mwaka uvuvi husimamishwa kwa miezi miwili hivi ili samaki wazaane. Kwa hiyo mtu wa Rubona anayetaka kupanga maonyesho ya filamu angetazama mwezi kama Mwingereza anavyotazama mvua, naye angejua fika kwamba katika miezi ya kusimama kwa uvuvi watazamaji wana muda lakini hawana sarafu.

Kibanda cha video cha ukanda huu, Gisenyi au ng'ambo ya mpaka Goma, hakihitaji maelezo marefu: mabenchi, pazia zito mlangoni, televisheni moja, na spika iliyogeuzwa nje ili barabara nzima isikie risasi. Lililo muhimu ni swali linaloulizwa mlangoni. Kijana anafika, anamsalimu mwenye kibanda, kisha anauliza, “Mkubwa, leo ni ya nani?” Haulizi ni filamu gani, wala mwigizaji ni nani. Anataka kujua msimulizi ni yupi. Nchini Rwanda filamu hizi zenye sauti ya Kinyarwanda juu yake huitwa agasobanuye, na jina lililofunika mengine kwa muda mrefu ni la Nkusi Thomas, maarufu kwa jina la Yanga, aliyefariki 2022. Uganda wana VJ Jingo, Kenya wana DJ Afro, Tanzania walikuwa na Lufufu. Msimulizi hatafsiri tu. Humtania mwigizaji, humpa jina la mtaani, humwonya adui anayenyemelea, na panapochosha huongeza chumvi. Commando ya 1985 bado inapigwa kwa sababu kila sauti mpya huifanya filamu mpya.

Mafanikio hapa hupimwa kwa kurudiwa. Mwenye kibanda anakumbuka ipi iliombwa tena, ipi iliwafanya vijana watoke katikati wakinung'unika, na ipi huwaleta wavuvi hata wakiwa hawajalala. Hiyo ni takwimu kamili, ila iko kichwani. Haitoki kichwani kwa sababu hakuna anayeidai. Nakala ilinunuliwa mara moja, ikajazwa kwenye flashi, basi. Studio ya Hollywood haipati kitu, msimulizi hapati kitu kwa kila anayeingia, na sarafu zote ni za mwenye benchi. Angeandika ili amwonyeshe nani?

Anayedhani hii ni tabia ya vibanda tu atazame biashara iliyokuwa rasmi kabisa. Katika miaka ya neema ya Bongo Movie, yaani filamu za Tanzania, wasambazaji wa Dar es Salaam walinunua haki za filamu kwa bei ya jumla. Mtayarishaji alipokea kitita chake na hakuwa na fungu katika kila nakala. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki Aprili 7, 2012, umati uliomzika ulionyesha ukubwa wake kuliko jedwali lolote la mauzo, kwani jedwali la hadharani halikuwapo. Mwaka uliofuata mamlaka ya mapato, TRA, ilipoanza kutaka stika za kodi kwenye kanda na DVD, ndipo nakala zilipoanza kuhesabiwa. Mdai alikuwa amefika. Huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana aliyetengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 alipita njia nyingine: waigizaji wenyewe walizungusha DVD mitaani na kubaki na sehemu ya mauzo. Kila mmoja wao alijua ameuza ngapi. Leo mfululizo wa Kinyarwanda kama Papa Sava huwekwa YouTube, na ghafla kila mtu anataja idadi ya watazamaji, kwa sababu YouTube hugawana fedha za matangazo na mwenye kazi.

Sitaki kuyapamba majedwali ya London. Yana ukatili wake. Filamu ndogo hupewa siku tatu za kujitetea, na ikishindwa huondolewa kabla mtazamaji wake hajapata nafasi wala nauli. Kibanda hakina haraka hiyo. Filamu iliyodharauliwa Marekani inaweza kuishi miaka 30 kwenye mabenchi ya Goma. Lakini uvumilivu huo unamnufaisha nani? Schwarzenegger, nyota wa Commando, hana shida nao. Anayeumia ni Mnyarwanda anayetengeneza filamu leo na kuiona ikipita flashi hadi flashi kando ya ziwa, huku akishindwa kumwambia mfadhili, benki au runinga imetazamwa na watu wangapi.

Kwa hiyo, tukiamua kuhesabu, tusiige pauni. Kwa fedha, jioni iliyojaa Rubona haifikii bei ya tiketi chache za Leicester Square, London, na kila jedwali la mapato litatuweka mwisho. Tuige vichwa, kama Wafaransa, maana mvuvi aliyekaa kwenye benchi ni mtazamaji mmoja, sawa na aliyekaa kwenye kiti cha ngozi. Kuanzia 2005 tamasha la filamu la Rwanda, lililoanzishwa na Eric Kabera na kuitwa Hillywood, lilipeleka skrini milimani na kuonyesha filamu bure, kwa hiyo kwenda na kazi mahali watu walipo si jambo geni nchini. Linalokosekana ni makubaliano mepesi: mtayarishaji wa Kinyarwanda ampe mwenye kibanda nakala nzuri mapema, mwenye kibanda aandike vichwa vilivyoingia, na fungu dogo la kila kichwa limrudie mtayarishaji, na msimulizi pia kama yumo. Mwenye kibanda ataandika kwa uaminifu siku atakapoona kwamba nakala ijayo, iliyo safi na isiyopatikana kwa jirani, inategemea daftari hilo. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Waliotupotea sisi ni watazamaji, nao ndio mali pekee ambayo filamu zetu zinayo kwa wingi.