Nyuzi za Dhahabu Mabegani mwa Maofisa

Dhahabu iliyong'ara mabegani mwa maofisa wa Uingereza, kwa sehemu kubwa, ilikuwa fedha. Fundi alichukua mche wa fedha, akauvika dhahabu, akauvuta kupitia tundu, kisha tundu dogo zaidi, hadi ukawa waya wa kushonea. Dhahabu haikubanduka, ilirefuka pamoja na fedha. Wavutaji waya wa London walipata hati ya kifalme ya chama chao mwaka 1693. Kampuni ya udarizi ya Hand & Lock inahesabu asili yake tangu 1767.

Waya ulikuwa na njia mbili. Ama ulipondwa ukawa bapa, ukazungushwa juu ya uzi wa hariri na kufumwa utepe. Ama ulizungushwa kwenye sindano ukawa kibomba chembamba. Mdarizi alikikata vipande, akavitunga kwa uzi uliopakwa nta, kimoja kimoja, juu ya kitambaa kilichotuniswa. Wanaojua joho la Kiarabu wataitambua kazi hiyo. Gharama ilimwangukia ofisa mwenyewe, maana sare alijinunulia.

Jeshi la majini la Uingereza liliruhusu epoleti, yaani pambo la begani la nyuzi hizo, mwaka 1795, na mpango wake ulitaka macho makali: komanda alivaa moja begani kushoto, kapteni ambaye hajatimiza miaka mitatu, moja kulia, aliyetimiza, mbili.

Admirali Nelson wa Uingereza alizivaa katika mapigano ya baharini ya Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805, pamoja na nyota nne za heshima zilizodariziwa kifuani. Risasi kutoka meli ya Ufaransa, Redoutable, ilimpiga begani kushoto. Ilipotolewa mwilini, ilikuwa imeng'ang'aniwa na nyuzi za epoleti. Imehifadhiwa hivyo hadi leo, na koti lake liko Greenwich. Wengi husema nyota ndizo zilizomponza. Mimi nina shaka: katika moshi ule wa mizinga, nani angezisoma nyota?

Jeshi la nchi kavu liliziacha epoleti mwaka 1855, wakati wa vita vya Krimea. Alama za vyeo zikahamia kwenye kola, zikarudi mabegani mwaka 1880. Nyota za vyeo hivyo zilifuata mfano wa nishani ya Bath, na mpango wa baadaye, luteni mbili na kapteni tatu, ulifika Afrika Mashariki na jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles). Wanamaji walishikilia epoleti za sherehe hadi 1939.

Epoleti za kale zilizobaki ni chache kuliko zilizotengenezwa, kwa sababu zilikuwa na thamani ya madini. Katika Ufaransa ya karne ya 18, mabibi wa tabaka la juu walifumua nyuzi kuukuu barazani wakaziuza ziyeyushwe. Siku hizi kazi kubwa ya mkono hufanyika Sialkot, Pakistan, na Varanasi, India. Mnunuzi atazame mikunjo: dhahabu ikichakaa, fedha hujitokeza na kuwa nyeusi. Uzi wa plastiki hauwi mweusi hivyo.