Kipusa, Bandari ya Zanzibar na vita vya kumnusuru faru

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

UNGUJA haina faru wa mwitu. Hata hivyo pembe yake, ambayo Waswahili huiita kipusa (neno ambalo vijana wa leo humpa msichana mrembo), ilipita Mji Mkongwe kwa miaka mingi. Katika karne ya 19 ililetwa kutoka bara pamoja na pembe za ndovu, ikapakiwa majahazini kwenda Arabuni na Bara Hindi. Nchini Yemen ilichongwa mipini ya majambia. Mashariki ya Mbali ilisagwa ikawa dawa, ingawa asili yake ni ile ile ya ukucha wa binadamu.

Biashara hiyo ilipigwa marufuku kimataifa mwaka 1977 chini ya mkataba wa CITES. Faru weusi wa Afrika, waliokadiriwa kuwa 65,000 mwaka 1970, walibaki pungufu ya 2,500 katikati ya miaka ya 1990.

Askari wa Ngorongoro na Mkomazi huwalinda faru usiku na mchana, lakini ulinzi wa porini hautoshi iwapo bandari iko wazi. Wanyamapori si suala la Muungano, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inaihusu Tanzania Bara pekee.

Wasafirishaji haramu wameitumia njia hiyo. Agosti 2011, pembe za ndovu 1,041 zilikamatwa katika bandari ya Zanzibar zikiwa zimefichwa ndani ya shehena ya dagaa. Novemba 2013 zikakamatwa nyingine, zenye uzito wa karibu tani tatu, bandarini hapo hapo.